SOMO: NAMBA YA MTEJA SI MALI YA KIKUNDI
Kutayarisha tovuti ya biashara kabla ya kuanza kutuma meseji za matangazo



Vikundi kadhaa vya Likoni, Kisauni na Changamwe sasa vina tovuti za kuuzia bidhaa zao. Ni jambo la kufurahisha. Aliye Chaani aweza kununua kikapu cha Mtongwe bila kuvuka feri. Lakini mara tu tovuti inapoanza kukusanya namba za simu, huja wazo la pili: "Mbona tusiwatumie wote meseji?" Somo hili ni la wakati huo, kabla hamjabonyeza kitufe cha kutuma.

Msome pamoja, mmoja akisoma kwa sauti na wengine wakisikiliza. Msiharakishe. Aliyeitengeneza tovuti yenu naye awepo, hata kama si mwanachama.

KISA

Tuchukue mfano. Kikundi cha kina mama upande wa Kisauni hutengeneza mabuyu, achari ya maembe na mafuta ya nazi. Kijana wa mmoja wao aliwatengenezea tovuti yenye fomu ya kuagiza: jina, namba ya simu, na mahali pa kupelekewa mzigo. Wateja wakaagiza, bodaboda akapeleka. Baada ya miezi sita wakawa na namba mia nne.

Katibu akasema, "Ramadhani hii yaja. Tuwatangazie watu wote."

Mweka hazina akaongeza, "Mimi nina daftari la michango ya matanga ya mwaka jana. Mna namba nyengine kama mia moja. Tuzitie pia."

Wakazitia. Meseji zikaondoka saa tano usiku, kwa sababu ndio wakati kijana alipopata nafasi.

Asubuhi simu ya katibu haikutulia. Mzee mmoja akauliza kwa upole, "Mwanangu, mimi nilichanga matanga tu. Hii namba yangu mmeipata wapi?" Mteja mwingine alikuwa mkali zaidi. Alisema aliandika namba yake ili bodaboda ampigie akifika langoni, basi. Akataka jina lake litolewe, lakini hakuna aliyejua jinsi ya kulitoa, na wiki iliyofuata akapokea meseji nyingine. Hapo akasema atashtaki.

(Mwezeshaji asimame hapa. Aulize: kosa lilikuwa wapi? Awaache watu wazungumze kabla ya kuendelea.)

Wengi watasema kosa ni saa tano usiku. Kweli, ni utovu wa adabu. Lakini hata kama meseji zingetumwa saa nne asubuhi, kosa lingebaki palepale. Mteja alitoa namba kwa kazi moja, nao wakaitumia kwa kazi nyingine. Katibu hakuwa mtu mbaya. Alidhani namba ikishaandikwa kwenye fomu yao imekuwa yao, kama vile pesa ikishalipwa.

SHERIA INASEMAJE

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha. Mwaka 2019 Bunge likapitisha Sheria ya Ulinzi wa Data, ikatiwa sahihi mwezi wa Novemba mwaka huohuo. Kamishna wa kwanza wa Ulinzi wa Data, Bi. Immaculate Kassait, aliapishwa Novemba 2020, na kanuni za kuitekeleza sheria zikatolewa mwaka 2021.

Neno "data" lisiwatishe. Ni habari yoyote inayoweza kumtambulisha mtu. Jina ni data. Namba ya simu ni data. Daftari la matanga lenye majina na namba ni data, ingawa limeandikwa kwa kalamu ya risasi.

Kifungu cha 37 cha sheria hiyo ndicho kinachotuhusu zaidi. Kinakataza kutumia data ya mtu kwa biashara bila ridhaa yake, isipokuwa pale ambapo sheria yaruhusu na mwenyewe alielezwa wakati data ilipochukuliwa. Kanuni za 2021 zinaeleza kwa kirefu habari ya matangazo yanayotumwa moja kwa moja kwa mtu, na meseji ni mojawapo. Data iwe imetoka kwa mwenyewe. Awe amearifiwa kwamba itatumika kwa matangazo. Awe amekubali. Awe amepewa njia nyepesi ya kukataa, na asiwe amekwisha kukataa. Mtu akisema sitaki matangazo, hakuna mjadala. Haki hiyo ni yake yote.

Tena kuna jambo ambalo vikundi vingi hawalijui. Pakitokea ubishi, si kazi ya mteja kuthibitisha kwamba hakutoa ruhusa. Ni kazi yenu kuthibitisha kwamba aliitoa. "Alikubali, nilimwuliza mimi mwenyewe" si ushahidi.

Mtakumbuka mwezi wa Juni 2021, Wakenya wengi walipoangalia na kujikuta wameandikwa kuwa wanachama wa vyama vya siasa ambavyo hawakuvijua. Watu walikasirika sana. Yule anayepokea meseji ya mabuyu asiyoiomba huhisi kitu cha namna hiyo, ingawa ni kidogo.

Na je, adhabu zipo kweli? Zipo. Mwezi wa Septemba 2023 ofisi ya Kamishna ilitangaza faini kwa taasisi tatu. Mulla Pride, kampuni ya mikopo ya simu, ilitozwa shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba ilizozipata kwa watu wengine kuwasumbua watu kwa simu na meseji. Kilabu cha Casa Vera cha Nairobi kilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kutangaza picha ya mteja bila ridhaa yake. Shule ya Roma, Uthiru, ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila ridhaa ya wazazi.

Lakini tusitishane bure. Faini ya Kamishna haizidi shilingi milioni tano, na kwa biashara ni hiyo au asilimia moja ya mauzo ya mwaka uliotangulia, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Kikundi kilichouza vitu vya shilingi laki nane, asilimia moja ni shilingi elfu nane. Kinachouma zaidi ni kwamba mtu aliyeumizwa aweza kudai fidia, hata kwa usumbufu wa moyo. Halafu kuna hasara isiyoandikwa kwenye sheria yoyote: mteja aliyekuwa akinunua kila wiki anaacha, na anawaambia jirani zake. Mtaani kwetu habari hiyo hukimbia kuliko meseji.

Kuna vikundi vitauliza kama ni lazima kujiandikisha kwa Kamishna. Kikundi chenye mauzo ya chini ya shilingi milioni tano kwa mwaka, na wafanyakazi chini ya kumi, kimesamehewa kujiandikisha, isipokuwa kwa kazi za aina fulani. Miongoni mwa hizo ni huduma za fedha, shule, afya, hoteli, uchukuzi, na biashara ambayo kazi yake hasa ni kutuma matangazo. Chama kinachokopesha watu kwa riba kisijifanye hakikusikia sehemu hii. Kiulize. Na kusamehewa kujiandikisha si kusamehewa kufuata sheria.

TUITENGENEZE FOMU

Sasa tuje kwenye tovuti yenyewe. Fungueni fomu yenu ya kuagiza kwenye simu, muitazame kwa macho ya mteja.

Kwanza, ondoeni maswali yasiyo na kazi. Kama mwauza achari, namba ya kitambulisho ya nini? Tarehe ya kuzaliwa ya nini? Kitu ambacho hamna hakiwezi kuibiwa kwenu.

Pili, tenganisheni oda na matangazo. Hapa ndipo vikundi vingi huteleza. Chini ya fomu huandikwa kwa herufi ndogo, "Ukiagiza umekubali kupokea meseji zetu." Hiyo si ridhaa, ni mtego. Wekeni kisanduku chake peke yake, kiwe KITUPU, mteja atie alama kwa mkono wake. Kijana wa kompyuta atawaambia kwamba mkikiweka kikiwa tayari kimetiwa alama mtapata namba nyingi zaidi. Asema kweli, mtapata nyingi, lakini za watu ambao hawakukubali. Maneno yaweza kuwa hivi:

"Ndiyo, nitumieni kwa namba hii meseji za bidhaa mpya na bei, zisizozidi mbili kwa mwezi. Naweza kuacha wakati wowote. Nisipotia alama hapa, oda yangu itashughulikiwa vilevile."

Tazameni kila sehemu ya maneno hayo ina kazi yake. Yasema nini kitatumwa. Yasema mara ngapi. Yasema mtu aweza kujitoa, na kwamba kukataa hakutamnyima mzigo wake. Mkiandika mara mbili kwa mwezi, basi ziwe mbili, hata wakati wa Idi na Krismasi.

Tatu, wekeni ukurasa mmoja wa kueleza faragha, na kiungo chake kiwe karibu na kisanduku hicho, si kufichwa mwisho kabisa. Msinakili ukurasa wa kampuni kubwa ya ng'ambo. Tumeona tovuti ya kikundi inayosema mambo ya mahakama za California! Andikeni kwa Kiswahili ambacho mama wa Timbwani atakielewa: sisi ni nani na tunapatikana wapi, twachukua habari gani na kwa nini, nani mwingine ataiona (bodaboda anayepeleka mzigo, kampuni inayotutumia meseji), tutaiweka kwa muda gani, ukitaka kuiona, kuisahihisha au kuifuta utampigia nani, na kwamba ukiwa na malalamiko waweza kuyapeleka kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Nusu ukurasa watosha.

Nne, tovuti iweke kumbukumbu. Mteja anapotia alama, paandikwe tarehe, saa, namba yake, na maneno yaliyokuwa yameandikwa siku hiyo. Hili la mwisho husahauliwa. Mkibadilisha maneno mwakani, mtajuaje yule wa mwaka huu alikubali nini? Hifadhini nakala ya maneno ya zamani kwenye faili.

Mimi ningeongeza jambo moja ambalo sheria hailitaji kwa jina. Mtu aweza kuandika namba isiyo yake, kwa kukosea au kwa mzaha. Mtumieni meseji moja: "Tumepokea namba hii kwa ajili ya matangazo yetu. Ukikubali, jibu NDIYO." Asipojibu, mwacheni. Gharama yake ni ndogo, na NDIYO yake ni ushahidi mzuri kuliko wote.

Watoto nao tuwakumbuke. Mabuyu hununuliwa sana na watoto, na mtoto wa miaka kumi na mitatu ana simu ya mama mkononi. Aliye chini ya miaka 18 hatumiwi matangazo bila ridhaa ya mzazi au mlezi wake. Fomu iulize tu, "Una miaka 18 au zaidi?" Hakuna haja ya tarehe ya kuzaliwa.

WASIOINGIA KWENYE TOVUTI

Wateja wengi wetu bado wana simu ya mulika mwizi, hawafungui tovuti. Wao hununua kwenye meza, sokoni au baada ya ibada. Kwao tumieni daftari lenye safu za tarehe, jina, namba, "amekubali matangazo: ndiyo au la," na sahihi au alama ya kidole. Maneno ya ridhaa yabandikwe kwenye jalada na yasomwe kwa sauti. Lakini daftari lisiachwe wazi mezani, kila mnunuzi akisoma namba ya aliyemtangulia. Msichana aliyeandika namba yake kwa ajili ya kikapu hakuiandika ili kijana aliye nyuma yake aipate.

Kulipa kwa simu nako si ridhaa. Mtu akiwalipa kwa M-Pesa na namba yake ikaonekana, ameilipia bidhaa, hakujiandikisha kwa matangazo. Ni vivyo hivyo kwa daftari la wageni, orodha ya waliohudhuria semina, kundi la WhatsApp la harusi, na kitabu cha waumini. Hata kama mwenye kitabu ni mwanachama wenu. Hata kama bidhaa ni nzuri.

KUTUMA KWENYEWE

Meseji nyingi kwa pamoja hutumwa kupitia kampuni zenye leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano. Kabla hamjatoa orodha yenu, ulizeni leseni, na muwe na mkataba wa maandishi kwamba namba hizo hazitatumiwa kwa kazi nyingine. Mkitaka meseji itokee kwa jina la kikundi badala ya namba, jina hilo husajiliwa kwa kampuni za simu, na halizidi herufi 11.

Hapa pana shimo ambalo wengi wametumbukia. Meseji iliyotoka kwa JINA haijibiki. Mteja akiandika ACHA na kutuma, haifiki popote. Kwa hiyo mkiandika "jibu ACHA" mtakuwa mmemdanganya bila kujua, na huyo ndiye yule mteja wa kwenye kisa chetu, aliyeomba kutolewa asitolewe. Wekeni namba halisi ndani ya meseji. Kanuni zataka njia ya kujitoa iwe rahisi, ieleweke, na iwe ya bure au ya gharama ndogo sana. Kwa mtu asiye na salio, njia nyepesi ni kupiga kidogo na kukata, wanavyosema vijana, kubipu. Tengeni laini moja kwa kazi hiyo tu, isichanganywe na ya kuagiza. Mfano:

"Achari ya maembe ipo, chupa sh 150. Kuagiza: 07xx xxx xxx. Hutaki meseji zetu? Bipu 01xx xxx xxx, ni bure."

Haifiki herufi 160, kwa hiyo ni meseji moja. Ikipita hapo mnalipia mbili. Mkitia vile vikaragosi vya kucheka na maua, nafasi hupungua hadi herufi 70. Maneno matupu yatosha.

Aliyejitoa msimfute tu. Mwandikeni kwenye orodha ya waliokataa. La sivyo, siku mtakapoingiza daftari la zamani kwenye kompyuta, namba yake itarudi, naye atapata meseji tena. Kabla ya kila kutuma, orodha mbili zilinganishwe. Hii ni kazi ya nusu saa, na ipewe mtu mmoja kwa jina, si "kamati."

Meseji ya kazi si tangazo. "Mzigo wako umefika, bodaboda yuko langoni" mwaweza kuituma kwa kila aliyeagiza. Ila msiibandike tangazo mkiani, maana hapo imegeuka.

Na zile namba mia nne za zamani? Hili ndilo swali gumu, na najua jibu langu halitapendwa. Ziacheni. Wengine hushauri kutuma meseji moja kwa wote ya kuomba ruhusa, lakini meseji hiyo yenyewe yaweza kuhesabiwa kuwa tangazo lisiloombwa. Njia salama ni kutia kikaratasi ndani ya kila pakiti: "Ukitaka kujua bidhaa mpya, tuma NDIYO kwa namba hii." Mtapata sitini, labda themanini. Hao themanini watanunua.

Ikiwa watu wetu walio ng'ambo wanaagizia jamaa zao hapa, kuweni waangalifu. Marekani ina sheria tangu 1991 inayompa mtu haki ya kudai dola 500 kwa kila meseji ya tangazo asiyoiruhusu, na nchi za Umoja wa Ulaya zina sheria yao kali tangu Mei 2018. Kwa sasa tumeni matangazo kwa namba za Kenya tu.

FUNGUO

Nani ana neno la siri la tovuti yenu? Katika vikundi vingi ni yule kijana peke yake, naye amepata kazi Nairobi. Neno la siri liwe kwa watu wawili wa kikundi, na libadilishwe katibu anapobadilishwa. Orodha ya wateja isikae kwenye simu ya mtu binafsi. Simu ikichopolewa kwenye msongamano wa feri, huenda namba mia nne zimekwenda nayo. Jambo kama hilo likitokea na likaweza kuwadhuru watu, Kamishna aarifiwe ndani ya saa 72, na wenye namba waambiwe pia. Tazameni vilevile kama anwani ya tovuti yaonyesha alama ya kufuli. Kama haionyeshi, mwambieni aliyeitengeneza airekebishe kabla ya oda nyingine kuingia.

KAZI YA KIKUNDI

1. Kila mmoja atoe simu yake asome meseji tatu za matangazo alizopokea. Aliombwa ruhusa lini? Aweza kujitoa vipi? Jaribuni kujitoa kwenye mojawapo, hapohapo.

2. Andikeni ubaoni mahali pote ambapo kikundi kina namba za watu: tovuti, daftari, simu ya katibu, vitabu vya michango. Kwa kila mahali jibuni: walitoa kwa kazi gani?

3. Wawili waigize yule mzee wa matanga na katibu. Katibu amjibu nini, na afanye nini baada ya kukata simu?

4. Andikeni maneno ya kisanduku chenu. Mpeni mtu asiye mwanachama ayasome, kisha aeleze kwa maneno yake amekubali nini. Akishindwa kueleza, andikeni upya.